Maisha ya Bibi Malak binti Hifni Nasif, Aliyejulikana kwa Jina la Bahithat al-Badiya

Ndugu zangu Waislamu, vijitabu hivi vimezoea kuwaeleza khabari za maulamaa na mashujaa na wafalme waliotangulia. Mara hii nimependa niwaeleze khabari za mwanamke mmoja wa Misri, ambaye hakuwa mke wa mfalme wala hakushika upanga, na umri wake haukutimia miaka thalathini na miwili. Na huenda mtu akauliza, sisi wanaume tuna faida gani katika kusoma maisha ya mwanamke? Jawabu yake ni kuwa mengi katika aliyoyaandika bibi huyu aliyaandika ili sisi wanaume tuyasikie, kwani aliona kuwa wake ndio wenye kubeba mzigo, na wanaume ndio walioufunga ule mzigo, na kamba iko mikononi mwao. Basi anayestahili kuzisoma khabari zake kabla ya mke wake ni yeye mume.

KUZALIWA KWAKE NA BABA YAKE

Bibi Malak alizaliwa Cairo mwezi wa Disemba 1886, miaka minne baada ya Waingereza kuingiza askari wao katika nchi ya Misri. Baba yake ni Sheikh Hifni Nasif, mtu wa Azhar, mwanafunzi na sahibu wa Sheikh Muhammad Abduh. Alikuwa kadhi, na mwalimu, na mshairi, na mjuzi mkubwa wa lugha ya Kiarabu. Waliosoma madrasa miongoni mwetu wanamjua bila ya kujijua, kwani yeye ni mmoja katika waliotunga kitabu cha Durus al-Balagha, ambacho wanafunzi wa balagha wanakisoma hatta leo. Na pia alikuwa katika jumla ya maulamaa waliokabidhiwa kazi ya kuusahihisha Msahafu uliopigwa chapa Cairo mwaka 1924, ambao misahafu mingi iliyomo misikitini mwetu imefuata khati yake na mpango wake. Yeye mwenyewe hakuudiriki kutoka, kwani alifariki mwaka 1919.

Nimeyataja haya ili msomaji ajue kuwa bibi huyu hakutoka katika nyumba iliyoipa dini mgongo, wala hakuletewa fikira zake na merikebu kutoka Ulaya. Alilelewa katika Qur'ani na nahau na mashairi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yake, na nduguze waliomfuata aliwalea kwa mkono wake. Mmoja wao, Kawkab, alikuja kuwa katika wanawake wa kwanza wa Kimisri waliosoma utabibu.

KUSOMA KWAKE

Sheikh Hifni hakuona kuwa ilimu ni urithi wa wana wanaume peke yao. Alimtia binti yake katika skuli ya Saniyya, skuli ya serikali ya wasichana hapo Cairo. Mwaka 1900, ulipofika wakati wasichana wa Misri waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuingia katika mtihani wa cheti cha skuli za chini, Malak alikuwa miongoni mwa waliofuzu. Kisha akaingia katika darasa la kufundishia waalimu wanawake katika skuli ile ile, akapata shahada yake mwaka 1903, akawa mwalimu hapo hapo aliposomeshwa. Tangu utotoni alikuwa akitunga mashairi, na alipofariki mshairi Aisha al-Taymuriyya mwaka 1902, alimwomboleza kwa utungo uliowafanya watu waulize binti huyu ni wa nani.

Ndugu yangu msomaji, zingatia hapa jambo moja. Baba huyu alikuwa na ilimu ya sharia iliyotosha kumzuia binti yake lau sharia ingemzuia. Hakumzuia. Nasi katika pwani yetu tumeona wazee wengi, Mungu awarehemu, waliomwachia binti asome juzuu mbili tatu, kisha wakamtia ndani, wakasema hivyo ndivyo dini ilivyo. Haikuwa dini, ilikuwa mazoea yaliyovikwa kilemba cha dini.

NDOA YAKE

Mwaka 1907, naye ana miaka ishirini, Bibi Malak aliolewa na Abd al-Sattar al-Basil, mmoja wa wakubwa wa Mabedui wa Fayyum. Alikuwa mtu wa mali na wa ukoo, na ndugu yake, Hamad Pasha al-Basil, ndiye aliyekuja kuhamishwa na Waingereza mwaka 1919 akapelekwa Malta pamoja na Saad Zaghlul. Kwa kuitazama nje ilikuwa ndoa ya kufu, nayo ilisifiwa. Bibi arusi akaacha kufundisha, akauacha mji wa Cairo, akahamia kasri ya watu wa mumewe huko Fayyum, penye ukingo wa jangwa.

Alipofika huko ndipo alipoyajua ambayo yeye na watu wake hawakuambiwa. Mumewe alikuwa na mke mwingine, binti wa ami yake, na kwa mke huyo alikuwa na mtoto wa kike. Na huyu bibi mpya aliyesoma alitakiwa awe mwalimu wa mtoto yule. Yaani posa ilikuja kwa jina la mke, na katika tumbo la posa lilikuwamo jina la mke mwenza na la mwalimu asiye na mshahara.

Haramu ya kuoa wake wawili haiko, na sisi hatutaki kuharimisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Walakini kuficha ni ghushi. Na ikiwa mtu akiuza jahazi lenye ufa naye anaujua ufa ule, maulamaa wetu humpa mnunuzi khiyari ya kulirejesha. Je, binti wa Kiislamu ana haki ndogo kuliko mnunuzi wa jahazi?

Bibi Malak hakurejea kwa baba yake wala hakupiga kelele. Aliwaficha jamaa zake huzuni yake, kwa kumhurumia baba, na kwa kuchelea wenye inda wasije wakasema: mnaona, haya ndiyo matokeo ya kuwasomesha wanawake. Aliyameza. Akashika kalamu, akajichagulia jina la Bahithat al-Badiya, maana yake bibi mwenye kutafuta na kuchungua katika nyika, na chini ya jina hilo akaanza kuandika.

KUITWA TASA

Miaka ikapita bila ya mtoto. Katika kasri ile, na katika kabila lile ambalo heshima ya mwanamke huhisabiwa kwa idadi ya wanawe, kila mtu aliijua sababu, au alidhani anaijua. Mume alikuwa na mtoto kwa mke wa kwanza, basi ila haikuweza kuwa kwake. Ila ni ya huyu msomi wa mjini. Akakaa chini ya neno hilo miaka, naye mwenyewe akalisadiki, akajiona kuwa ndiye aliyepungua.

Hatta siku ilipokuja akatazamwa na tabibu Cairo, ikabainika kuwa hana ila yoyote. Mume wake ndiye ambaye baada ya kumzaa yule mtoto wa kwanza hakuwa tena mwenye kuweza kuzaa. Miaka yote ile mzigo ulikuwa wa mwingine, na mgongo ulioubeba ni wake.

Nasimama hapa kidogo, kwani kisa hiki si cha Fayyum peke yake. Katika lugha yetu tuna neno tasa, na neno hilo humwangukia mwanamke kabla halijaulizwa swali. Mwanamume mgumba naye yupo, walakini nani aliyepata kusikia akitajwa barazani? Mke hupelekwa kwa waganga, hunyweshwa mizizi, hufukizwa, huandikiwa kombe, na mume hajanywa hatta fumba moja la dawa chungu. Matabibu wa leo wanatwambia kuwa sababu hupatikana kwa mume kama inavyopatikana kwa mke, na kwamba kumchungua mume ndiko kwepesi zaidi. Na kabla ya matabibu, Mwenyezi Mungu katika Suratu Shuura ametubainishia kuwa Yeye humpa amtakaye wana wa kike, na humpa amtakaye wana wa kiume, na huwachanganyia wengine hawa na hawa, na humjaalia amtakaye kuwa hazai. Hakusema kuwa asiyezaa ni mke pasi na mume.

Wala mimi siwezi kujitoa katika lawama hii. Nimefungisha ndoa miaka mingi, na wamenijia wanaume wakaniambia: sheikh, nataka kuongeza mke, wa kwanza hazai. Nikasoma khutba, nikaandika, tukala halua. Sikumwuliza hatta mmoja wao kama amekwenda kutazamwa yeye. Mmoja katika hao alimwacha mke wake kwa sababu hiyo. Yule mwanamke akaolewa na mtu mwingine, akamzalia watoto watatu, na yule mume wa kwanza mpaka amekufa hakuitwa baba na mtu. Nilipoletewa mtoto wa kwanza wa yule mwanamke chuoni asomeshwe alifu, sikuweza kumtazama mama yake usoni.

MAMBO YA WANAWAKE

Wakati ule palikuwa na gazeti la Cairo liitwalo al-Jarida, lililoanza kutoka mwaka 1907, na mhariri wake alikuwa Ahmad Lutfi al-Sayyid. Humo ndimo Bahithat al-Badiya alimoandika makala zake, na mwaka 1910 zilikusanywa zikapigwa chapa katika kitabu kiitwacho al-Nisa'iyyat, yaani mambo ya wanawake.

Aliandika juu ya umri wa kuolewa, akapinga kuozwa watoto, akasema kuwa binti asiolewe kabla ya kutimiza miaka kumi na sita. Aliandika juu ya wazee wanaooa vijana walio sawa na wajukuu zao. Aliandika juu ya ukewenza, naye aliujua kwa kuuonja, akaeleza jinsi unavyoharibu mali ya mume, na afya yake, na tabia yake, na mapenzi baina ya watoto wake, na nyoyo za wake zake. Lawama yake ilikuwa juu ya wanaume walioichukua ruhusa yenye sharti ya uadilifu, wakaitupa sharti wakabaki na ruhusa.

Na aliandika juu ya kuposana vipofu, yaani mwanamume na mwanamke wasiopata kuonana hatta usiku wa arusi. Akataka wafuate sharia ilivyo, waonane mbele ya maharimu kabla ya kufunga. Nasi wafuasi wa Imamu Shafi'i tunajua kuwa kumtazama umposaye, uso na viganja, ni sunna katika madhehebu yetu. Sunna hii tumeiacha kwa aibu, na tumeishika aibu kama kwamba ndiyo sunna.

Mwaka 1909 aliwahutubia mamia ya wanawake katika klabu ya chama cha Umma. Watu walikuwa wakisema kuwa wanawake wakisoma watawanyang'anya wanaume kazi. Akawajibu kuwa wanaume ndio waliotangulia kunyang'anya: kusokota na kufuma na kushona na kusaga unga zilikuwa kazi za wanawake, wanaume wakazua mitambo, wakazichukua, kisha wakawacheka wanawake kuwa wamekaa bure. Walisema pia kuwa mwanamke hakuvumbua kitu wala nchi. Akajibu kuwa yeye naye, lau angalipakiwa katika jahazi pamoja na Columbus, angaliivumbua Amerika kama yeye.

Na walisema kuwa uzazi unamzuia mwanamke asiwe na kazi nyingine. Hapo aliwakumbusha kuwa wako wanawake wasioolewa, na wako wasiozaa, na wako waliofiwa na waume zao, na wako walioachwa, na hawa wote ni watu, wanahitaji riziki na ilimu na heshima. Waliomsikia siku ile wengi hawakujua kuwa mmoja wa hao aliowataja amesimama mbele yao.

Juu ya hayo hakuudharau umama. Bali alitaka mama asomeshwe kulea, na usafi, na dawa za kwanza za nyumbani, kwani aliona watoto wakizikwa kwa ujinga wa walezi wao. Alilolikataa ni kuufanya uzazi kuwa ndio thamani pekee ya mwanamke, asipozaa awe kama chombo kilichovunjika.

NENO LAKE JUU YA SHERI YA NJIANI

Katika zama zake Misri ilikuwa katika mjadala mkubwa wa kufunua uso, tangu Qasim Amin alipotoa kitabu chake juu ya uhuru wa mwanamke mwaka 1899. Wengine walisema wanawake wafunue mara moja, na wengine wakasema wafungiwe zaidi. Bahithat al-Badiya hakufuata hawa wala hawa. Aliona kuwa pande zote mbili ni wanaume wanaogombana juu ya uso ambao si wao, na kwamba mwanamke hakuulizwa.

Yeye mwenyewe alijifunika, na hakutaka kufunua kuje kwa ghafula. Walakini tazameni sababu aliyoitoa. Hakusema kuwa wanawake hawawezi kujilinda nafsi zao. Alisema kuwa njia zimejaa wanaume wasio na adabu, wanaomfuata mwanamke kwa macho na maneno machafu, wamemwona mtu wa heshima au si wa heshima, naye hawezi kupita kwa amani. Basi ugonjwa uko kwa hao. Na dawa ni kumlea mwanamume tangu udogo wake, na kumsomesha mwanamke ajue haki zake, kisha mwanamke achague.

Neno hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanamke akivunjiwa heshima yake, kwa ulimi au kwa mkono au kwa lililo kubwa zaidi ya hayo, tumezoea kuuliza: alikuwa wapi? alivaa nini? alitoka na nani? Maswali yote ni yake, na mkosa amekaa hana hatta swali moja. Katika Suratu Nur Mwenyezi Mungu ameanza kwa kuwaamrisha waumini wanaume wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao, kisha ndipo alipowaamrisha wanawake. Nasi tumeigeuza, tumeanza na wanawake, na tulipomaliza nao tumechoka, hatukufika kwa wanaume.

Na mwanamke aliyelazimishwa hana dhambi wala hana adhabu. Maulamaa wote wamelikubali hilo, na madhehebu yetu yamemlazimisha aliyemlazimisha amlipe mahari ya mfano wake, juu ya adhabu yake. Basi ni sharia gani inayomfanya baba amfiche binti yake aliyedhulumiwa kama aliyeiba, na kumwacha mdhulumu aende msikitini akasimame safu ya mbele?

MAMBO KUMI YA MWAKA 1911

Mwaka 1911 wakubwa wa Misri walikutana katika mkutano mkuu huko Heliopolis, kando ya Cairo, kuzungumza maslaha ya nchi. Mkutano ulikuwa wa wanaume. Bahithat al-Badiya hakuhudhuria, bali aliupelekea matakwa yake, mambo kumi, yakasomwa kwa niaba yake.

Katika hayo alitaka wasichana wafundishwe Qur'ani na sunna sahihi. Alitaka mafundisho ya skuli za chini yawe lazima kwa wote, wavulana na wasichana, na kwamba wasichana wafundishwe kuendesha nyumba na afya na malezi. Alitaka idadi ya wasichana wasomeshwe utabibu na ualimu, wawatumikie wanawake wenzao. Alitaka posa ifuate sharia, na alitaka wanawake waruhusiwe kuingia misikitini kusali na kusikia mawaidha.

Enyi ndugu zangu, nitajieni katika haya lililo nje ya dini. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza kuwazuia wanawake misikiti ya Mwenyezi Mungu, na khabari hiyo iko katika vitabu sahihi viwili. Walakini matakwa yake wakati ule hayakutendwa. Yalisomwa, yakasikizwa, na mkutano ukaenda kwenye mambo mengine.

Mwaka ule ule wa 1911 Wataliani waliishambulia Tripoli, na yeye akawa katika waliosimama kuwasaidia majeruhi, na nyumbani kwake akaanzisha mafundisho ya uuguzi kwa mali yake. Alikuwa na urafiki wa kalamu na mwandishi Mayy Ziyada, bibi wa Kikristo. Walikhitilafiana katika mambo mengi kwa adabu nzuri, na mwaka 1920 Mayy alitoa kitabu kizima juu ya maisha yake na fikira zake.

KUFA KWAKE

Mwishoni mwa vita vikuu vya kwanza kulikuja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ile iliyofika hatta pwani yetu ya Afrika ya Mashariki katika mwaka huo huo. Bibi Malak ilimpata Cairo, na tarehe 17 Oktoba 1918 akafariki. Baba yake alikuwa hai bado, akamzika mwanawe, naye akamfuata mwaka uliofuata. Alizikwa katika makaburi ya jamaa zake, katika mava ya Imamu Shafi'i, upande wa kusini wa Cairo, jirani na imamu wetu. Maulamaa walisindikiza jeneza lake, washairi wakubwa wa Misri, Hafiz Ibrahim na Khalil Mutran, walimlilia kwa mashairi, na Bibi Huda Sha'arawi alisimama kumtaja kwa wema, na hotuba hiyo ikawa ndiyo ya kwanza kwake mbele ya watu.

Hakuacha mtoto. Walakini mwaka 1923, miaka mitano baada ya kufa kwake, Bibi Huda na wenzake waliunda Jumuiya ya Wanawake wa Misri, na katika mwaka huo huo sheria ya Misri iliweka umri wa kuolewa kuwa miaka kumi na sita kwa binti, ule ule alioutaja yeye, na kumi na minane kwa mvulana. Mwaka 1929 ikatoka sheria iliyompa mke haki ya kudai talaka kwa kadhi kwa sababu ya kudhuriwa, na maulamaa waliipata katika madhehebu ya Imamu Malik, si katika vitabu vya Wazungu. Na karibu na mwaka huo huo chuo kikuu cha Cairo kilianza kuwapokea wasichana.

YATUPASAYO SISI

Ndugu yangu, usikifunge kijitabu hiki ukasema kuwa hayo ni ya Wamisri. Hapa kuna mambo matatu, na kila moja limo katika uwezo wako bila ya serikali wala mkutano.

La kwanza, ukiwa walii, muulize binti yako. Madhehebu yetu yamempa baba uwezo wa kumwoza bikira, walakini yameufunga kwa masharti: awe mume kufu yake, na asiwe baina ya baba na binti uadui wa dhahiri, na mume awe muweza wa mahari. Na juu ya masharti kuna sunna ya kumtaka idhini. Khansa binti Khidam alikuwa ameolewa kabla, kisha baba yake akamwoza naye hataki, akamwendea Mtume, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Na ikiwa binti ni mdogo asiyeweza mambo ya mume, maulamaa wetu wamesema hakabidhiwi mume mpaka aweze. Anayemkabidhi mtoto kwa mtu mzima, kisha akasema amefuata Shafi'i, amemsingizia imamu.

La pili, ukiwa na mtoto wa kiume, mfundishe macho yake na ulimi wake kabla ya kumfundisha dada yake kufunika uso. Buibui la dada halitengenezi tabia ya kaka.

La tatu, ukiwa mume na hakuna mtoto, anza na nafsi yako. Nenda katazamwe wewe, kisha useme. Nami tangu siku ile ya yule mtoto wa chuoni nimejiwekea kuwa yeyote atakayenijia kwa ajili ya kuongeza mke au kuacha kwa sababu hiyo, nitamwuliza swali hili kabla ya kufungua daftari. Wawili wameondoka kwa hasira hawakurudi. Mmoja alirudi baada ya siku, akiwa mnyonge, akaniomba nimwombee dua yeye na mke wake yule yule.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Malak, na alipanue kaburi lake, na atusamehe sisi tuliyowatwika wake zetu yasiyokuwa yao. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye katika khutba yake ya kuaga alituusia wanawake kheri. Amin.